Homa Iliyojua Kuhesabu

Kwa siku tatu hapakuwa na mtu wa kambi ya Laga Geri aliyekubali hata kuitikia salamu ya Inspekta Kulow. Siku ya nne, chai yake ikiwa haijapoa, mwanamke mzee ambaye hakupata kumwona akatokea mbele ya hema la polisi, nje ya ua wa seng'enge, akamkazia macho askari wa zamu.

"Mimi nataka bolisi mkubwa. Ile Somali."

"Bibi, umepitaje langoni?"

"Kwa miguu."

Kulow alitoka hemani. Mama mzee alikuwa mwembamba kama mti wa kiangazi, na vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakumpa mkono.

"Kaa, ayeyo," Kulow alimwambia kwa Kisomali, akimwita bibi kama impasavyo mtu aliyelelewa.

"Sikuja kukaa. Jana jioni mmemsoma mjukuu wangu kwenye orodha yenu. Lul Guleid. Mmesema ametoroka, ameingia porini kwa shifta. Mfute."

"Nikimfuta lazima niandike yuko wapi."

"Nimesema mfute."

"Yuko wapi, ayeyo?"

Mama mzee alitazama pembeni, kule vibanda vya kambi vilikojipanga kama magamba ya kobe. "Ana miaka kumi na sita. Wewe ni mtoto wa mjini Garissa, lakini mama yako ni Msomali, atakuwa alikufundisha. Msichana akisomwa mbele ya watu mia nne kwamba ameondoka kwenda kwa wanaume porini, hiyo ni nini? Tukateni posho yote. Sisemi kitu. Lakini jina lake lisikae huko."

"Nisaidie nikusaidie."

"Mtoto wa serikali," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja aina ya mnyama. "Mimi ni Arbia. Nyumba ya tano kutoka tangi la maji. Ukimfuta, njoo uniambie. Usipomfuta, usije."

Akageuka, akapita langoni tena, na askari wa lango wakamwangalia kana kwamba wao ndio waliokuwa na kosa.

Kulow alirudi mezani. Faili lilikuwa pale pale, na saa zilikuwa zinakwenda. Msafara wa malori ulikuwa uondoke kesho alfajiri kuelekea Garissa na kisha Nairobi, na katika lori moja, akiwa na pingu, angepakiwa Abdow, dresa aliyetibu watu katika zahanati ya kambi. Shtaka lilikuwa fupi: amewapa shifta, waasi wa porini, yadi sitini na sita za bafta nyeupe, mali ya zahanati, wafungie majeraha. Chini ya sheria ya hali ya hatari, shtaka kama hilo liliweza kumfikisha mtu kwenye kamba. Ripoti ya Kulow ndiyo iliyobaki ili faili lifungwe, na Mkuu wa Kambi aliitaka kabla ya jua kuzama.

Ushahidi ulikuwa wa namna tatu. Kwanza, bafta haipo, na Abdow hataki kusema iliko. Pili, watu thelathini na mmoja wametoroka kambini katika majuma sita. Kila jioni watu huhesabiwa, asiyekuwepo huandikwa "ametoroka", na jamaa zake hukatwa nusu ya posho. Tatu, doria iliokota kitambaa cha zahanati kimetapakaa damu, hatua mia mbili nje ya ua.

Lakini sasa Kulow alikuwa na kitu cha nne. Katika maneno yote aliyosema yule mama, hakusema hata mara moja: *mtafuteni*. Bibi aliyepotelewa na mjukuu wa kike angewasihi polisi, angewatukana, angelala mlangoni mwao wakamtafute. Huyu alitaka karatasi tu.

Akakitoa kitambaa cha damu katika bahasha yake, akakitandaza juani. Alikuwa ameona bendeji nyingi katika vita hivi. Bendeji ya jeraha hukunjwa tabaka kwa tabaka, damu ikapenya katikati na kukauka nyeusi. Hiki hakikukunjwa. Damu ilikuwa kwenye pembe moja, nyepesi, ya rangi ya waridi, imekauka kwa mapovu madogo madogo. Mtu hakukifunga kitambaa hiki. Alikishika mdomoni akikohoa, na upepo ukakivusha seng'enge.

Akavuta orodha ya watoro. Ishirini na wawili wa mwanzo walikuwa watu ambao kutoroka kwao kungeaminika: vijana, wanaume wenye nguvu, wanawake wawili watatu wa makamo. Tisa wa mwisho walikuwa wa namna nyingine. Walikuwa wamesomwa katika siku sita tu, tangu Abdow alipokamatwa. Namba ishirini na sita, mzee kipofu. Namba thelathini, mtoto wa miaka miwili, Shurie Awil.

"Mtoto wa miaka miwili," Kulow akamwambia askari wake, "ameruka seng'enge?"

"Afande, mimi huandika tu. Koplo akisema hayupo, hayupo."

"Naye koplo yuko wapi?"

"Amelala, afande. Homa. Na wenzake wanne."

*

Homa ya mafua ilikuwa imeenea nchi nzima tangu mwisho wa mwaka. Redio iliitaja kila siku. Wizara ilikuwa imechapisha karatasi za maonyo, na moja ilibandikwa kwenye mlango wa zahanati ya Laga Geri, kwa Kiswahili safi: *Mgonjwa apumzike katika chumba chenye madirisha. Anywe maji kwa wingi na juisi ya machungwa. Watu wasikusanyike.* Kutoka mlango ule mtu aliweza kuona watu mia nne walioletwa kwa nguvu kutoka malisho ya Sangailu na kwingineko, wakakusanywa nyuma ya seng'enge ili shifta wakose maziwa na habari. Aliweza pia kuona tangi lao la maji. Lilikuwa moja.

Ndani, Kulow alisoma taarifa za kila juma ambazo Abdow alizipeleka Garissa. Hakuwa na haja ya kuzisoma zaidi ya mara moja. Juma la kwanza: vifo vya homa, tisa. La pili: vinne. La tatu: vinne. La nne, la tano, la sita: vinne, vinne, vinne.

Alisimama akicheka kicheko kisicho na furaha. Ameona ndui, ameona surua, na hajaona ugonjwa wenye adabu namna hiyo.

Chini ya taarifa ya kwanza palibandikwa waraka kutoka Nairobi. Mahali popote panapotokea vifo vitano au zaidi katika juma moja, watu wasitoke wala kuingia kwa siku kumi na nne. Aliyeuandika bila shaka alifikiria shule ya bweni, au mtaa wenye mifereji. Kulow aliukunja, akatia mfukoni, akaenda mahabusu.

Mahabusu ilikuwa kontena la bati. Abdow alikaa kwenye kona, mabega yamefunikwa gunia, na kabla Kulow hajafungua kinywa alimwona anatetemeka.

"Tangu lini?"

"Juzi." Abdow alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa. "Kaa mbali kidogo, walaal, ndugu yangu. Kaa upande wa mlango, upepo ukupite."

"Hata hapa unatibu watu?"

"Kazi ni kazi."

Kulow akakaa upande wa mlango. "Bafta iko wapi?"

"Nimeshakwambia. Sina la kusema."

"Nani amekukataza?"

"Nimeshika msahafu. Usiniulize nani wala wapi. Kesho nitapanda lori lenu, basi."

"Sawa. Usiseme. Mimi nitasema, wewe nyamaza. Nikikosea, kohoa."

Abdow akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nitakohoa hata usipokosea."

"Juma la kwanza walikufa tisa. Ukaandika tisa kama mtu mkweli. Waraka ukatimizwa, lango likafungwa siku kumi na nne, na mifugo ikawa ndani ya ua bila malisho wala kisima."

Abdow alivuta gunia mabegani.

"Ikafa mingapi?"

"Mifugo si siri," Abdow akasema taratibu. "Mbuzi mia sita. Ngamia wote wa kukamuliwa isipokuwa watatu. Watoto ambao homa iliwaacha, njaa ikawakuta. Endelea."

"Wazee wakaja kwako. Wakasema, Abdow, vifo vitano vinafunga lango, vinne havifungi. Kila juma wanne tu waliandikwa wamekufa. Waliobaki, jamaa zao wakasimama kwenye mahesabu ya jioni wakasema hawajui mtu wao aliko. Koplo akaandika ametoroka. Hakuna aliyebisha kukatwa posho, na hilo lingenistua siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Ulichagua vizuri. Kijana, ukamtia kwenye watoro. Wasichana, wazee na watoto ukawaweka kwenye wale wanne, maana nani angeamini?"

Abdow alikohoa, kwa muda mrefu, akiinama hadi paji likagusa magoti. Kulow akangoja.

"Hicho kilikuwa kikohozi tu," Abdow akasema alipopata pumzi. "Hukukosea."

"Watu ishirini na wawili. Yadi sitini na sita. Yadi tatu kila mtu, bila kuzidi inchi. Hakuna majeraha yanayogawanyika hivyo. Ulikata sanda."

"Kwa Sunna mwanamke ana nguo tano. Niliwapa moja moja," Abdow akasema, na macho yake yakajaa. "Maduka yamekatazwa kuuza kitambaa cheupe humu. Ningefanya nini? Niwaache wafungwe kwenye mikeka?"

Nje, jenereta la kambi lilizimwa na ukimya ukaingia ndani ya bati pamoja na joto.

"Nikuambie lililo langu, si la kiapo," Abdow akaendelea. "Homa yenyewe haina dawa, lakini inayoua ni nimonia, na nimonia ina penisilini. Garissa hugawa penisilini kwa taarifa. Mwenye vifo vingi apate nyingi. Mwenye vichache apate chache. Nchi nzima inagombania makasha machache. Nilipoandika tisa zilikuja chupa hamsini. Nilipoandika nne, zilikuja sita. Kila juma niliandika nne ili mbuzi wapate kula, na kila juma dawa ya watu wanne ikaja. Unaelewa, Kulow? Kwa mkono wangu. Kwa mwandiko wangu mzuri."

Kulow alikuwa na kopo la maji, akalisukuma kwenye sakafu hadi miguuni mwa Abdow.

"Niseme haya kwa Mkuu, nikutoe?"

"Ukisema idadi, lango litafungwa tena. Usiposema, mimi naondoka. Mimi ni mmoja." Abdow akanywa. "Hesabu hiyo hata wewe unaiweza."

*

Bado alihitaji kuona kwa macho. Mpelelezi akiamini kichwa chake peke yake huishia kumfunga asiye na hatia kwa akili nyingi.

Alipita katikati ya kambi wakati wa adhuhuri, na milango ya mikeka ikashushwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Zile nyumba zilikuwa akal, nyumba za wafugaji: fito zilizopindwa, mikeka juu, kazi na mali ya wanawake tangu enzi. Mwanamke huivunja siku ya kuhama, akaipakia kwenye ngamia, akaisimamisha waendako. Haivunji bila safari. Kulow hakuwahi kulala katika akal, lakini mama wa mama yake alizaliwa humo, na jambo hilo alilijua kama ajuavyo kwamba ng'ombe hapandi mti.

Ndiyo maana mafiga yalimsimamisha.

Mawe matatu ya jiko, ambayo hukaa ndani ya akal, yalikuwa juani, nje, meusi kwa masizi, na majivu yake katikati. Hatua tatu kando yake ilisimama nyumba. Akaenda kwenye nyumba ya pili: mafiga mengine, wazi, yamepeperushiwa mchanga. Ya nne, vivyo hivyo. Mtu husogeza nyumba siku nzima ya safari, au haisogezi. Nani huisogeza hatua tatu?

Alihesabu nyumba kumi na tisa za namna hiyo, kisha akaacha kuhesabu, maana alikuwa amefika nyumba ya tano kutoka tangi la maji.

Arbia alikuwa amekaa mlangoni akipembua mahindi ya posho. Nyuma yake, mafiga yake yalikuwa nje, na majivu bado yalikuwa meupe.

"Umemfuta?"

"Bado, ayeyo." Kulow alichuchumaa, akaacha hatua tatu kati yake na mlango. Kisha, polepole, akavua viatu.

Arbia aliviangalia viatu vile. Mkono wake ukasimama katikati ya mahindi.

"Nani amesema?"

"Hakuna. Abdow hakusema. Ni mafiga."

"Mafiga," akarudia. "Tuliwaambia wanawake wote, hameni na mafiga pia. Wakasema mawe ni mazito, na wana homa. Wakasema, askari atajua nini habari ya mafiga?" Akatikisa kichwa. "Hawakufikiria serikali italeta mwenye bibi."

"Alikufa lini?"

"Jana, Jumanne, alfajiri. Midomo imekuwa ya samawati. Aliniuliza, ayeyo, Abdow anakuja? Nikasema anakuja." Sauti haikutetemeka, ilikuwa imekauka tu. "Tulimwosha wanawake watatu. Amri yenu inasema asitoke mtu nje baada ya jua kuzama na kabla ya jua kutoka, na mchana mitutu ya bunduki iko juu ya kichuguu. Maiti halazwi. Basi tukachimba ndani, ukutani mbali na jiko, tukamwelekeza kibla, tukamswalia, tukavunja nyumba na kuisogeza ili imfunike vizuri. Nalala juu yake. Ninamsikia? Simsikii. Lakini hakutoroka. Yuko nyumbani kwao kuliko mtu yeyote humu."

Nzi walizunguka mahindi. Kulow alihesabu kimoyomoyo, kwa aibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

"Juma hili hajaandikwa maiti hata mmoja," akasema. "Abdow yuko ndani, hakuna wa kuandika. Akiandikwa mmoja, ni mmoja tu. Lango halifungwi kwa mmoja. Nahitaji shahidi: siku, saa, ugonjwa. Wewe umenipa. Wengine sina shahidi wao, na sitawauliza."

"Na majembe? Mtakuja na majembe mhakikishe?"

"Sitaandika mahali."

"Hiyo ni ahadi ya serikali?"

"Serikali sijui. Mimi, Kulow, ninakuahidi. Leo jioni jina la Lul halitasomwa pamoja na watoro. Litasomwa pamoja na waliokufa, mbele ya wale wale waliosikia jana."

Arbia alirudi kwenye mahindi yake. "Vaa viatu," akasema. "Mchanga unachoma."

*

Mkuu wa Kambi alikuwa mtu mkubwa, msafi, aliyependa kusikiliza huku akinoa penseli. Kulow alimpa yote isipokuwa mahali, kwa mdomo tu, maana lango hufungwa na vifo vilivyoandikwa. Alimpa kitambaa cha mapovu, vifo vinne vinne, yadi tatu tatu, kipofu na mtoto wa miaka miwili. Alipomaliza, penseli ilikuwa imekwisha nusu.

"Kazi nzuri," Mkuu akasema. "Kweli nasema. Nakuamini neno kwa neno."

Kulow hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Basi Abdow—"

"Abdow anaondoka kesho. Keti, Inspekta. Watu thelathini na mmoja wakiwa watoro, Nairobi wananiongezea askari. Wakiwa maiti, wananiletea tume. Wataniuliza maji yalikuwa kiasi gani. Wataniuliza nani aliyefunga lango mifugo ikiwa ndani." Akapuliza vumbi la penseli. "Mimi nilitii waraka. Wewe ungetii usingetii?"

"Watu wanakufa sasa hivi, Bwana Mkuu. Tuombe penisilini. Niandike tu kwamba askari wetu wanaumwa. Hiyo ni kweli, watano wamelala."

"Nimeshaomba kwa redio. Wameniambia foleni ni ndefu, hata Nairobi manesi wanaanguka wodini. Watanikumbuka." Akacheka kidogo. "Nchi nzima inakohoa, Kulow. Unafikiri nani anaisikia Laga Geri?"

"Basi nipe jina moja. Msichana, Lul Guleid. Nina shahidi."

"Jina moja? Unataka kuvunja kazi yako kwa jina moja?" Mkuu akaiweka penseli chini, kwa upole karibu wa kibaba. "Mtoro mmoja akifufuka maiti, kila mtu atauliza habari ya wale thelathini, na faili la dresa litavuja kama chujio. Hapana. Koplo anaumwa, jioni utasoma wewe, unajua lugha yao. Utasoma kama ilivyoandikwa. Ripoti nitaiandika mwenyewe. Ukibadilisha neno, alfajiri utapanda lori lile lile, na si mbele kwa dereva. Wewe ni Msomali mwenye siri za kambi. Unajua Nairobi watakuitaje."

"Najua, Bwana Mkuu."

"Una mke?"

"Na binti wawili."

"Basi soma vizuri."

*

Saa kumi na mbili kasorobo waliketi kwa safu, nyumba kwa nyumba, juu ya mchanga uliokuwa bado na moto. Kikohozi kilipita kutoka safu hadi safu. Askari walisimama pembeni na vitambaa puani. Mkuu alikaa juu ya boneti ya Landrova, akitazama saa. Kontena la mahabusu lilikuwa nyuma yake; Kulow alijua kwamba Abdow anasikia, kama bado ana nguvu za kusikia.

Akaanza kusoma. Namba moja, ametoroka. Namba mbili, ametoroka. Hakuinua macho, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kila jina lina mahali pake katika zile safu, kichwa kimoja kinachoinama, na hakutaka kuwajua. Shahidi hakuwa naye. Ahadi hakuwapa. Kumi na tano, ametoroka. Ishirini na sita, mzee kipofu, ametoroka. Askari mmoja akacheka, kisha akaacha.

Alipofika namba ishirini na tisa alisimama. Akafikiria nyumba yake ndogo Garissa, na jinsi binti yake mdogo anavyokimbia akisikia gari lolote, hata lisilo la baba. Akachukua kalamu mfukoni, mbele ya watu wote, akakata mstari, akaandika juu yake bila haraka, akatia saini.

"Lul Guleid," akasoma, kwa Kiswahili ili Mkuu asikie, kisha kwa Kisomali. "Hakutoroka. Alikufa kwa homa, Jumanne alfajiri, mikononi mwa bibi yake. Yeye ni marehemu wa kwanza wa juma hili. Wa kwanza, na ndiye pekee."



Muislamu akitajiwa kifo hana hiari, ulimi humtangulia. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Arbia, nyembamba, ikifuatwa na ya jirani yake, kisha ikajaa safu baada ya safu, wazee, wanawake, hata askari wawili wa Pwani waliosimama na bunduki: *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.*

Mkuu alishuka kwenye boneti. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, na Kulow akampa karatasi, kisha akafungua mkanda wake mwenyewe, wenye bastola, akauweka juu ya karatasi ili upepo usiipeperushe. Askari wawili walimshika mikono, bila kumuumiza, wakaanza kumpeleka kwenye kontena.

Aligeuka mara moja. Mwanamke mmoja alikuwa ameinuka kutoka safu yake. Kukiwa na tanzia iliyotangazwa, wanawake huenda kukaa na mfiwa; hakuna amri ya kambi iliyoandikwa juu ya jambo hilo, na askari walibaki wakitazamana. Akaenda wa pili, wa tatu, wa kumi. Walimpa Arbia mkono, wakamwambia maneno ya subira na imani, wakaketi mchangani kumzunguka, wakavuta shungi zao usoni.

Kisha wakalia kwa sauti, wazi, mbele ya bunduki. Mama yake Shurie Awil, yule mtoto wa namba thelathini, alikuwa amekaa karibu kabisa, kichwa chake magotini mwa Arbia, akimlilia Lul.